Msimpige Papa

Jumamosi, 7 Septemba

Papa amecheza karata leo. Naandika upesi, kabla sijaanza kujiambia kwamba nimeota.

Ilikuwa hivi. Ruphin, mchezaji wetu wa nne, amepata kazi Isangi na ameshuka na boti juzi. Tukabaki watatu kwenye baraza la nyumba yetu hapa Lubunga: mimi; Trésor, anayetengeneza simu karibu na kivuko; na Kadidja, anayeuza vitenge na mama yake ng'ambo, na ambaye kila Jumamosi huvuka mto kwa pirogi ili kuja kutunyanyasa. Mchezo wetu wa Wafalme ukichezwa na watatu unaharibika, kwa sababu wawili humwonea mmoja, na huyo mmoja huwa ni mimi. Trésor akageukia dirisha, akapaza sauti: "Papa Henri, kuya utusaidie! Tunakosa mutu ya ine."

Nilimpiga teke chini ya meza. Baba yangu hazungumzi na watu. Si bubu, "maji iko wapi" husema, "funga mulango" husema. Lakini tangu tumzike Mama, kiangazi cha mwaka jana, maneno yake yanaishia hapo, na jina la Mama, Fortunée, halijatoka kinywani mwake hata mara moja. Mtu aliyefanya kazi kwenye treni maisha yake yote, aliyezoea kupiga gumzo kushinda kelele za injini! Jioni hukaa naye mezani nikisikia tu anavyotafuna.

Basi mlango ukafunguka. Akatoka, akavuta kiti, akaichukua pakiti aliyoiacha Ruphin, akatazama karata ya juu.

"Hii mufalme iko nafanya nini?"

Nikamweleza, huku nikijikaza nisilie mbele ya Trésor. Kila mchezaji ana pakiti aliyoijenga mwenyewe, karata kwa karata, kwa kununua na kubadilishana na wenzake. Ana mfalme, ana askari na kuta za kumlinda. Askari wako wanawapiga wafalme wa wengine. Mfalme akifa, mwenyewe anatoka. Anayebaki ndiye mshindi. Papa akataka kujua kama askari wanakula, kama ukuta unaweza kuhamishwa, na kwa nini malkia amevaa nguo nyepesi hivyo kwenye baridi. Tangu tumzike Mama sijamsikia akisema maneno mengi kiasi hicho.

Hatukumaliza. Wingu lilitanda na Kadidja akakimbilia pirogi. Haidhuru. Nimepumua leo.

Jumamosi, 14 Septemba

Tatizo. Hakuna anayempiga Papa. Kadidja amelelewa vizuri mno, na hata Trésor, ambaye hana haya kabisa, kila askari wake akikaribia kwa Papa anakohoa na kumgeuzia njia. Papa akachoka. Akagonga meza.

"Munanichezesha kama mutoto? Bon. Kwa hii meza miye si papa. Miye Henri. Munasikia? Henri."

Trésor akalizoea jina papo hapo: Henri huku, Henri kule, utadhani walisoma darasa moja. Kadidja alilisema akiwa amejifunika mdomo kwa mtandio. Mimi nilifungua kinywa, nikakifunga. Siwezi. Nimebaki na "Papa", na hakunilazimisha.

Jumamosi, 21 Septemba

Sasa wanampiga, tena bila huruma. Ametolewa wa kwanza. Akasema "Bon", akaingia chumbani, akafunga mlango. Sisi tukaendelea kucheza muda mrefu, na mimi kila karata niliyoitupa nilikuwa nasikiliza chumba kile. Kimya. Jioni akasema "maji iko wapi", basi.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 22 Septemba

Nimepata wazo kanisani, Mungu anisamehe, wakati wa mahubiri.

Kuna namna ya kujenga pakiti ambayo mimi sijawahi kuijaribu: pakiti ya siasa. Haina majitu wala mizinga. Ina karata za kuwafanya wengine wafanye unachotaka. Zimeandikwa Kifaransa, sisi tumezipa majina yetu: Zawadi, unampa mwenzako karata, Baraza, wote wanapiga kura, Mkataba, wawili wanaahidiana kutopigana, Uchochezi, unawatuma askari wa mtu mmoja wakampige mwingine. Wachezaji wa aina hiyo huwa hawana nguvu ila hawafi, kwa sababu kila mtu anawahitaji.

Nitaijenga. Ila mfalme nitakayemlinda si wangu.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimempa Trésor Jenerali wa Moto, karata yangu niipendayo kuliko zote, anipe Zawadi na Mikataba yake yote. Alicheka hadi bisibisi ikamdondoka. "Weye Émilie? Politique? Weye ukidanganya masikio inaguka nyekundu."

Masikio yangu hayawezi kuwa mekundu. Lakini nimeelewa alichotaka kusema.

Jumamosi, 28 Septemba

Imefanya kazi!

Papa alipoingia ndani kuchukua miwani, niliwaambia wenzangu kwa sauti ya chini: zawadi zangu zote leo ni zenu, sharti langu moja tu, msimpige Papa. Kadidja akanitazama kwa jicho la biashara. "Mupaka wapi?" Mpaka mwisho, nikasema. Akakubali. Trésor akakubali kabla sijamaliza sentensi.

Nikawagawia karata kama mgombea anayegawa fulana. Nilimpaka Trésor mafuta kwa mgongo wa chupa, nikamvika Kadidja kilemba cha ukoka, nikapiga kura upande wa kila mtu. Wakauana wao kwa wao, wakaniua na mimi, na Papa akafika mwisho, yeye na Kadidja peke yao. Alishindwa, lakini alishindwa akiwa amekaa kitini! Kisha akatusimulia jinsi tembo alivyowahi kusimamisha treni njia ya Ubundu, na abiria wakashuka kumwomba msamaha. Akala lituma, ndizi zetu za kupondwa, na samaki, akaomba aongezewe.

Nimeosha vyombo nikiimba.

Jumamosi, 5 Oktoba

Vilevile. Papa wa pili tena. Mvua kubwa, baraza linavuja upande wa Trésor, anastahili.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimesahihisha mitihani ya jiografia siku nzima. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba mto wetu unamwaga maji yake Kinshasa. Papa alicheka nilipomsomea.

Jumamosi, 12 Oktoba

Papa ameshinda.

Sikumaliza kuandika sentensi hiyo bila kuinuka na kuzunguka chumba. Ameshinda, akaruka, mtu mzima na magoti yake yale. Akatoka barabarani bila koti kuwaambia majirani. Akamsimamisha hata kijana wa toleka aliyekuwa anapita na baiskeli yake, akamweleza alivyomwangusha mfalme wa Kadidja, na kijana yule, abiria wake yuko nyuma analowa, anasema "félicitations, papa."

Lakini Kadidja alinifuata kwenye pipa la maji. "Bei imepanda," akasema. Kushindwa kwa makusudi si sawa na kutompiga, na yeye ana heshima yake ng'ambo ya kutunza. Nikampa Malkia wa Mto. Trésor naye sasa anataka lituma kila Jumapili. Nimempa.

Pakiti yangu imebaki mifupa. Najua kabisa kwamba mkataba ulioanza mezani umeshatoka nje ya meza, na kwamba hiyo si siasa ya karata tena, ni ile nyingine. Lakini nilimwona akiruka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Dhoruba, hakuna pirogi iliyovuka. Papa alikuwa kivukoni tangu mchana na mwavuli wa Mama, akimngojea Kadidja. Mwavuli wa Mama! Nilisimama kwa mbali nikimtazama, kisha nikarudi nyumbani kuchemsha chai.

Jumamosi, 26 Oktoba

Lazima niandike yote, japo sitaki.

Papa sasa ana pakiti yake mwenyewe, aliyoijenga kwa kubadilishana na Trésor. Leo katikati ya mchezo akawalaza askari wake wote. Askari akilazwa halindi kitu; mfalme wake alikuwa peke yake uwanjani. Ilikuwa zamu ya Trésor, na Trésor alikuwa na majitu yaliyoshiba. Akamtazama mfalme wa Papa, akakohoa, akayatuma majitu kwa Kadidja, ambaye kuta zake zilifika mbinguni. Yakafa yote.

Zamu ya Papa ilipofika akachukua ukuta wake wa mwisho, akautupa kwenye karata zilizokufa, kwa hiari yake. Zamu ya Kadidja. Kadidja akanipiga mimi.

Papa akaziweka karata zake chini.

"Trésor. Mufalme yangu iko uchi. Juu ya nini haumupige?"

"Ah, Henri, donc... iko stratégie."

"Stratégie gani ya kuua batu yako bote kwa ukuta? Kadidja?"

Kadidja akavuta mtandio. Kudanganya kwenye biashara anaweza, kumdanganya mzee uso kwa uso hawezi. "Iko mukataba," akasema taratibu.

"Mukataba na nani? Miye sikufanya mukataba na mutu."

Wote wawili wakanitazama. Wasaliti. Hapana, si wasaliti, walifanya nilichowalipa wafanye, na hata zaidi.

"Papa," nikaanza.

"Njo hiyo! Bote banaita miye Henri. Weye peke yako unabakia na papa, papa, halafu unaenda kuniombea huruma nyuma ya mugongo." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Tangu siku gani?"

"Tangu mwezi wa tisa."

"Na ile siku nilishinda?"

Trésor alikuwa anakwangua meza kwa ukucha. Mimi nilikuwa namwona kijana wa toleka, na majirani wote aliowasimulia, nikaona aibu.

"Bon," akasema Papa. Akazipanga karata zake vizuri, pembe kwa pembe, akaziacha mezani. Akaingia ndani.

Jumapili, 27 Oktoba

Hakusema. Trésor hakuja kula.

Jumanne, 29 Oktoba

Hata maji anajichotea mwenyewe sasa, asipate sababu ya kuniuliza yako wapi.

Jumamosi, 2 Novemba

Walikuja, wakakaa, wakangoja. Papa alikuwa ametoka kabla hawajafika, na alirudi walipokwisha kuondoka. Pakiti yake bado iko mezani. Nimeogopa kuigusa.

Nilitaka kumrudisha, na nimempeleka mbali kuliko alikokuwa. Nalisema waziwazi kwa sababu hakuna mwingine wa kuniambia.

Jumanne, 5 Novemba

Kumbe yupo wa kuniambia. Baada ya darasa nimevuka kwenda sokoni kwa Kadidja. Nilimkuta juu ya kigoda akishusha kitenge kwa mteja. Nikamweleza kila kitu tangu kifo cha Mama, kwa sababu sikuwahi kumweleza. Alidhani nilitaka tu baba yangu afurahi.

Alikunja kitenge chake polepole.

"Sikia, rafiki yangu. Mutu mwenyewe alisema, kwa meza miye si papa. Ile ilikuwa kitu aliomba. Sisi tulimupatia. Weye ulimukatalia."

"Ningewezaje kumwita Henri? Ni baba yangu!"

"Miye nilikuwa namwita Henri na naona haya mupaka kwa miguu. Lakini alikuwa anaipenda. Haukuona sura yake?"

Sikuiona. Nilikuwa natazama tu mfalme wake. Nilimwona ni mtu wa kuhurumiwa, na yeye alikuja kwenye meza ile kwa sababu ni mahali pekee ambapo hakuna aliyemhurumia. Ndani ya pirogi nikirudi nilikuwa na hasira na Kadidja kwa kusema kweli namna ile. Halafu ikaisha.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimerudi kutoka shuleni, mvua inapiga bati, Papa yuko barazani anamenya makemba, ndizi za kupika. Nikaichukua pakiti yake pale ilipolala tangu siku ile, nikaiweka mbele yake. Yangu nikaiweka mbele yangu, ile ya zamani, ya askari na moto. Trésor alikuwa amenirudishia Jenerali bila kuombwa.

"Henri," nikasema.

Kisu kikasimama. Sijawahi kulitamka jina hilo mbele yake tangu nizaliwe. Hata Mama, mbele yangu, alikuwa akimwita Papa Émilie.

"Unaniita namna gani?"

"Henri. Cheza."

Alinitazama mpaka nikaanza kuamini kwamba nitapigwa kofi, mwalimu mzima. Kisha akafuta kisu kwenye suruali.

"Tosha hii makemba kwa meza." Nikayaondoa.

Nilimpiga. Nilimpiga kwa kila nilichokuwa nacho, na mfalme wake akafa kabla hajasimamisha ukuta. "Ingine," akasema. Akafa tena. "Ingine." Mara hii alinibana, akaniulia Jenerali, jasho likanitoka, na bado nikamshinda. Akaegemea kiti.

"Ulipiga muzuri," akasema. "Siku ile nilikuwa na hasira, Émilie. Unajua juu ya nini? Nilikuwa naona kweli kama miye nawezaka."

"Pole, Papa."

"Pole ya nani? Karata haiyaisha." Akazikusanya zake. "Sasa nifundishe ile politique yako. Si ya kuniombea. Ya kubaangusha."

Nikaingia jikoni, nikajifunga kitambaa mdomoni, nikalia na kucheka pamoja. Makemba tumeyala yakiwa magumu.

Jumapili, 10 Novemba

Tumejenga pakiti siku nzima. Nilimfundisha ninayoyajua: usionekane kamwe kuwa mwenye nguvu kuliko wote, toa zawadi isiyokugharimu lakini ambayo mwenzako atailia ukimnyima, usimwombe mtu akuachie, mpe sababu ya kumpiga mwingine, na kila ahadi iwe na mwisho, "mpaka zamu yako ijayo", si "milele".

"Eh. Promesse bila terminus iko mubaya," akasema, akaiandika moyoni. Niliona midomo yake ikirudia.

Jumamosi, 16 Novemba

Wenzangu wamerudi. Kadidja alileta mikate, Trésor alileta uso wa mbwa aliyeiba. Papa akawaambia: "Nani ataniacha leo nitamufukuza." Hawakumwacha. Alitolewa wa pili, kisha akabishana na Trésor juu ya kura moja hadi Trésor akaondoka amekasirika, akarudia mwavuli wake, wakabishana upya. Sikuingilia. Raha iliyoje kutoingilia!

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua zinaelekea kuisha. Nimetolewa wa kwanza, na aliyenitoa ni baba yangu mzazi.

Alinianza kwa upole. Akanipa Zawadi, karata nzuri, nikashukuru. Akafanya Mkataba nami, mpaka zamu yangu ijayo. Nikawalaza askari wangu wote kwa kumwamini. Zamu yangu ikaja, ikapita, na mimi mjinga sikuhesabu kwamba mkataba umepita nayo. Akatoa Uchochezi, akawachukua askari wa Kadidja, akawatuma kwa mfalme wangu.

"Papa!" nikapiga kelele.

"Papa iko mu nyumba. Hapa iko Henri."

Trésor alianguka na kiti kwa kicheko. Nikatoka mezani, nikakaa ngazini na kikombe cha chai. Nilijitafutia hasira, nikakuta sina. Nilikuwa mwepesi. Miezi mizima nimembeba mtu huyu, na leo amenitupa nje bila hata kuniangalia mara mbili.

Akaendelea. Alimwahidi Trésor kura, akampa Kadidja ukuta, akawagombanisha juu ya ukuta huohuo. Mwishowe Kadidja akatupa mikono hewani. "Henri, weye njo politicien wa kweli!"

"Miye?" Papa akatikisa kichwa, macho kwenye karata. "Hapana. Politicien alikuwa Fortunée."

Trésor aliacha kutafuna. Mimi nilikiweka kikombe chini.

"Munaona, kule Yanonge tulikuwa batatu, bote tunamutaka," akasema. "Kulikuwa mwalimu moja, na muchuuzi moja wa samaki, yule alikuwa na boti ya moteur. Na miye, mufanyakazi wa treni, bila kitu. Fortunée anaambia mwalimu: ule muchuuzi anasemaka weye hauna nguvu ya kusukuma pirogi na pagaie. Anaenda kwa muchuuzi, anamwambia: ule mwalimu anachekaka Kifaransa yako. Eh! Saison nzima bale babili banagombana. Banasahau hata kuingia kwa papa ya Fortunée. Miye niko kule nabeba bitunga ya samaki na muzee, kila siku, nasema, Henri, weye una chance. Nikaoa. Nikajisifu, vraiment. Miaka inapita, siku moja yeye iko anachambua majani ya pondu, ananiambia polepole: 'Henri, unafikiri weye njo ulishinda?'"

Akacheka. Akacheka hadi miwani ikashuka puani, akaivua, akaifuta kwa shati, macho yamejaa maji, na hakuyaficha. "Ule mwanamuke," akasema. "Ule mwanamuke! Nitabaelezea ya siku ya mahari. Fortunée alikuya pale na kitambaa ya manjano..."

Nilisogea kutoka ngazini, nikakaa karibu na goti lake ili nisikie vizuri. Ilikuwa zamu yake kucheza, na hakuna aliyemkumbusha.